Mbuzi Watatu Kabla ya Saa Tisa

Mwanamume akiamua kukuchelewesha hakosi sababu, na Jumamosi hiyo Kiema alikuwa nazo tatu. Ya kwanza, stima ilikuwa imepotea kwao Masii tangu Alhamisi. Ya pili, simu yake ilikataa katakata kutuma faili lolote lililozidi ukubwa wa picha ya pasipoti. Ya tatu ilikuwa mbuzi. Hiyo ya tatu Mbinya aliipata kwa simu akiwa amesimama langoni kwao Mumbuni, saa saba na nusu mchana, na masikio yakamwaka moto.

"Mbuzi gani tena, Bosi?"

"Za ntheo, Injinia. Ya ndugu yangu mdogo. Tunapeleka Kathiani leo. Wazee washaenda, mimi ndio niko na mbuzi. Lakini napitia kwenu kwanza. Washa laptopu, washa wifi, nipe dakika ishirini."

"Dedilaini ni saa tisa."

"Najua."

"Saa tisa ya leo, Kiema."

Alipoitwa kwa jina badala ya Bosi, Kiema alijua ameonywa. Akakata simu na kuongeza mwendo.

Ntheo, kwa asiyeijua, ndiyo posa ya Wakamba. Mbuzi watatu hupelekwa kwa akina msichana, mmoja huchinjwa siku hiyo hiyo, na nyama ikishaliwa hakuna tena wa kuuliza msichana ni wa nani. Ndugu mdogo wa Kiema alikuwa amempata wake huko Kathiani, na Kiema, kwa kuwa ndiye mwenye pikapu katika ukoo mzima, alipewa kazi ya kuwasafirisha mbuzi.

Mbinya hakuwa na neno na mbuzi wa watu. Shida yake ilikuwa saa. Alikuwa ameomba nafasi ya shahada pacha ya uzamili katika uhandisi wa bayomedikali: mwaka mmoja katika chuo cha Uholanzi, mwaka wa pili katika chuo cha Ureno, na mwisho wake vyeti viwili. Ufadhili ulikuwa kamili, hadi nauli. Alikuwa ameshatuma kila kitu, yaani matokeo ya chuo, pasipoti, barua ya mhadhiri wake, na insha ya kurasa mbili iliyomla wiki sita. Kilichobaki ni barua ya msimamizi wake wa kazi. Fomu ilisema wazi kwamba barua hiyo isipofika kabla ya saa tisa, maombi yote yanafutwa. Mwaka ujao hangeweza kujaribu tena, maana masharti yalitaka mwombaji asiyezidi miaka ishirini na minane, naye alikuwa anatimiza ishirini na tisa mwezi wa Agosti. Ilikuwa leo au basi.

Na linki ya kuandikia barua hiyo Kiema alitumiwa wiki tatu nzima zilizopita. Kila alipoulizwa alijibu, "Bado naipiga pasi." Barua gani hupigwa pasi wiki tatu?

Usidhani lakini kwamba Mbinya alikuwa hampendi mtu huyo. Alimpenda, tena vibaya, na hapo ndipo tabu yote ilipoanzia. Kwa miaka minne walikuwa wamefanya kazi pamoja katika karakana ya hospitali moja mjini, chumba chenye dirisha moja nyuma ya jikoni, wakitengeneza pampu za dripu, mashine za oksijeni na inkubeta za watoto njiti. Kiema ndiye mkuu wa karakana. Alikuwa mrefu, mpole, na mwaminifu kiasi cha kukera. Siku moja alikataa kutia sahihi mashine iliyokuwa inafanya kazi vizuri kabisa, ati kwa sababu parafujo moja haikuwa ya asili. Daktari alipiga kelele, metroni akapiga kelele, na Kiema akaketi pale na bisibisi yake mpaka parafujo ya asili ikaletwa.

Tena alikuwa na mazoea ya karakana. Kule, anayeandika kadi ya kazi husoma kwa sauti kila anachoandika, ili aliyeshika kipimo asikie na kumsahihisha. Mazoea hayo yalikuwa yamemwingia Kiema hadi kwenye mifupa. Hata sukari na majani ya chai aliviandika kwenye orodha akivisoma. Mbinya alikuwa ameipenda sauti hiyo kwanza, kabla ya mwenyewe, sauti nzito ya chini inayosema "volti mia mbili thelathini na nne" kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto alale. Hakuwahi kumwambia. Kiema naye hakuwahi kumwambia lolote lisilohusu volti.

Mama yake Mbinya, Kamanthe, hakujua habari za volti. Alizojua ni za ng'ambo, na hakuzipenda hata kidogo. Asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamezozana mezani.

"Vyeti viwili ni za nini?" Kamanthe aliuliza akimimina uji. "Mtu ako na kichwa moja."

"Ni vyuo viwili, Mwaitu. Kila moja inakupa yake."

"Na kwa hizo vyuo zote mbili hakuna hata moja inapeana bwana?"

"Mama."

"Nauliza tu. Unaenda miaka mbili, unarudi uko na thelathini na kitu, umezoea jibini. Nani ataoa mtu wa jibini?"

Mzee Mutuku, babake Mbinya, alikunywa uji wake bila kuingilia. Alikuwa afisa wa mifugo mstaafu, na baada ya miaka thelathini ya kazi alikuwa amebakia mtu wa kuzungumza zaidi na ng'ombe. Alipomaliza aliweka kikombe chini, akasema uji ulikuwa mzuri, akaenda zake bandani.

Pikapu iliingia saa nane na robo. Mbuzi watatu walikuwa wamefungwa nyuma, majike wawili na beberu mmoja mweupe mwenye ndevu za heshima. Kiema alishuka akiwa amevalia shati jeupe, tai ya bluu na suruali iliyonyooshwa hadi inakata, maana alikuwa njiani kwenda kumposea nduguye. Mbinya hakuwa amewahi kumwona bila dastkoti ya karakana. Maneno yote makali aliyokuwa ameyapanga tangu saa saba na nusu yalimtoka kichwani, ikabidi ajikumbushe kwamba amekasirika.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa," Kiema alikubali. "Laptopu iko wapi?"

Mzee Mutuku alikuwa ametokea upande wa banda. Hakumtazama mgeni sana. Aliwatazama mbuzi.

"Wimuseo, Mzee," Kiema alimwamkia.

"Nimuseo. Hizi mbuzi zimekunywa maji?"

"Zilikunywa asubuhi, Mzee."

"Asubuhi," Mzee alirudia, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa, kisha akaizunguka pikapu polepole, mikono nyuma.

Ndani, Kiema aliketi kwenye meza ya kulia chakula, akachomeka flashi yake, akafungua linki. Akasoma mistari ya juu. Kisha akamgeukia Mbinya aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Injinia, toka."

"Hii ni nyumba yetu."

"Imeandikwa hapa ni siri. Mwombaji asikuwe karibu. Ukiwa hapo siwezi kuendelea."

"Kiema, imebaki dakika arobaini."

"Ndio maana nasema toka haraka."

Mbinya akatoka, akasimama kwenye kijia upande wa pili wa pazia. Hakukusudia kusikiliza. Haya, alikusudia, lakini hata asingekusudia angesikia, maana Kiema alishika kalamu, au tuseme kibodi, na mazoea yakamshika yeye.

"'Umemjua mwombaji kwa muda gani?' Miaka nne na miezi mbili. 'Uwezo wa kutatua matatizo, kati ya moja na tano.' Tano. 'Uadilifu.' Tano. 'Kufanya kazi na wenzake.'" Kimya kirefu. "Nne."

Mbinya alifungua mdomo, akaufunga kwa mkono.

"'Eleza udhaifu wa mwombaji.' Mwombaji hana subira na mtu mjanja. Mwaka jana alimfungia muuzaji wa vipuri ndani ya stoo mpaka akakubali vipuri ni bandia. Vilikuwa bandia."

Hapo alipakia barua yenyewe kutoka kwenye flashi, na hiyo, kwa bahati mbaya, hakuisoma kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa imeshaandikwa. Mbinya alisikia tu mlio wa kipanya. Kisha sauti ikarudi, safari hii polepole.

"'Kiapo. Nathibitisha kwamba mimi si ndugu, si mume wala mke, wala si mchumba wa mwombaji, na ninajua kwamba taarifa ya uongo itafuta maombi haya.'"

Na papo hapo, nje, Kamanthe akapiga kigelegele.

Hakikuwa kigelegele cha majaribio. Kilikuwa kirefu, cha mtu aliyekuwa amekihifadhi miaka mingi, na kabla hakijaisha kilijibiwa upande wa pili wa ua na jirani yao Mueni, kiongozi wa kwaya, ambaye mapafu yake yanajulikana Mumbuni nzima. Mbinya alipita pazia akakimbilia dirisha la sebuleni.

Mzee Mutuku alikuwa ameshindwa kuvumilia. Alikuwa amewashusha mbuzi wote watatu kutoka kwenye pikapu, amewafunga kando ya tangi la maji, na wakati huo alikuwa amechuchumaa akimfungua beberu mdomo ahesabu meno. Kamanthe alikuwa ametokea nyuma ya nyumba na sufuria mkononi, akawaona. Majike wawili na beberu mmoja, ndani ya boma, wanakunywa maji ya bwanake. Kijana mwenye tai ameketi sebuleni. Binti aliyeshinda langoni kutwa akitazama barabara. Mama yeyote wa Ukambani angejumlisha vile vile alivyojumlisha yeye.

Akaingia ndani na sufuria yake, machozi yanamtiririka, akapitiliza pazia na kumshika Kiema mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanake, kijana wangu, karibu. Karibu sana. Wazee wako wako wapi?"

"Wako mbele, Mama," Kiema alijibu, akiwaza Kathiani. "Wananingoja."

"Waambie waje. Nzau anakuja na kisu, hii nyama itakuwa tayari saa kumi."

"Nyama gani, Mama?"

Kamanthe alikuwa ameshatoka, anamwita Nzau, mume wa Mueni, ambaye hakuna mbuzi aliyewahi kuchinjwa mtaa huo bila mkono wake. Kiema alisogea dirishani akasimama karibu na Mbinya. Wakamwona Nzau akiingia langoni, anakinoa kisu kwenye ukingo wa tangi, anamtazama beberu kwa macho ya kazi.

Na hapa ni lazima tuseme ukweli wa Mbinya. Kwa muda wa kama dakika moja hivi, kabla akili haijarudi mahali pake, alifurahi. Alimwona mama yake anacheza uani na leso kichwani, akamwona Kiema na tai ya bluu, na akatamani iwe kweli. Alitamani hivyo kwa nguvu mpaka akashika pazia.

"Dakika ishirini na tatu," alisema hatimaye. "Weka tiki, Kiema. Nitaenda niwaeleze."

Kiema hakusogea. "Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Hii ni kiapo. Inasema mimi si mchumba wa mwombaji. Na mbuzi ziko ndani ya boma, Injinia. Mama yako amepiga kigelegele. Jirani amejibu."

"Mbuzi ni za ndugu yako."

"Mimi najua. Wewe unajua. Lakini mtu akiuliza Mumbuni yote saa hii, wewe ni mchumba wa nani, watasema nini?"

Mbinya alimtazama. Angekuwa mwanamume mwingine, Mbinya angedhani anatafuta kisingizio. Lakini huyu ndiye wa parafujo.

"Kwa hivyo unataka nini?"

"Sema mbele yao kwamba sikukuchumbia. Ukisema, itakuwa ni ukweli, nitaweka tiki." Akainamisha macho. "Na ufanye haraka, kabla Nzau ashike beberu. Ikichinjwa, hata mimi sitajua tena."

Kutoka sebuleni hadi kwenye tangi ni hatua kumi na tano. Mbinya alizitembea akiona afadhali angeitwa akatengeneze mtambo wa eksirei kwa kijiko. Mama yake alimfungulia mikono.

"Mbona hukuniambia, mwiitu wakwa, binti yangu? Mimi nikikusumbua na mambo ya bwana, kumbe umenyamaza tu. Nilidhani unatuacha." Akamkumbatia. "Usiku silali, nikifikiria unatuacha."

Mbinya alimshikilia kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akamwachia.

"Mwaitu, hizi mbuzi si zangu. Ni za ndugu ya Kiema, zinaenda Kathiani. Alipitia hapa kutuma barua yangu. Mimi sijachumbiwa na mtu."

Mueni, aliyekuwa ameshavuta pumzi ya kigelegele kingine, aliimeza. Nzau akarudisha kisu nyuma ya mgongo. Beberu peke yake ndiye aliyeendelea na alichokuwa anafanya.

"Mimi nilikuwa nazipea tu maji," alisema Mzee Mutuku. "Sikusema kitu."

Kamanthe hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Aliikunja leso yake, akaikunja tena, kisha akainua macho akamtazama Kiema aliyekuwa amesimama kizingitini.

"Wewe kijana," alisema. "Kwani hutaki msichana wangu?"

Mbinya alitazama chini. Aliomba Kiema asijibu, na pia aliomba ajibu.

"Mama," Kiema alisema kwa heshima, mikono ameifunga mbele, "hilo swali naomba nijibu ikifika saa tisa."

"Saa tisa kuna nini?"

"Saa hii niko kwa fomu."

Kamanthe alimgeukia mumewe kutafuta tafsiri. Mzee Mutuku akatazama saa yake ya mkononi. "Imebaki dakika kumi na tatu," alisema, kana kwamba hilo lilieleza kila kitu, na kwa Mbinya lilieleza.

Kiema alirudi mezani. Mbinya alirudi nyuma ya pazia, na safari hii hakujidanganya kwamba hasikilizi.

"Tiki," Kiema alisema. Kisha, "'Maelezo ya ziada kuhusu uhusiano wako na mwombaji, kama yapo.'" Mbinya alihesabu pumzi zake mwenyewe. Ndipo kibodi ikaanza kulia, na sauti ikafuata, ya chini, ile ile ya volti.

"Mwombaji si mchumba wangu. Hajawahi kuniambia neno la mapenzi, na mimi sijamwambia. Lakini kwa sababu hii ni kiapo, nasema pia kwamba ninampenda. Nimempenda kutoka mwaka wa kwanza. Yeye hajui. Hisia hizi hazikuongeza alama hata moja. Kwa usalama nimempunguzia moja, pale kwa kufanya kazi na wenzake, ili nisionekane napendelea."

Pazia lilifunguka kwa nguvu hadi pete mbili zikang'oka.

"Umenipunguzia alama?"

Kiema aliruka kitini. "Injinia, ulikuwa unasikiliza?"

"Kiema, watu elfu wanaomba hiyo nafasi. Wewe unachukua tano yangu unafanya nne?"

"Nilikuwa naogopa nitapendelea."

"Rudisha."

"Ulisikia yote?"

"Rudisha alama yangu kwanza. Hayo mengine tutaongea."

Kiema akapanda juu ya ukurasa, akabonyeza, nne ikawa tano. Kisha akashuka chini tena, akafuta sentensi ya kupunguza alama, kielekezo kikasimama penye yale maneno mengine.

"Nikiacha hii, wanaweza kukukataa," alisema bila kumtazama. "Mtu anasoma hii anasema huyu msimamizi ni mpenzi wake. Niambie nifute. Ukisema nitafuta."

Mbinya alisoma sentensi zile kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Alikuwa amezingoja miaka minne na miezi miwili, na zilipofika zilikuja kwenye kisanduku cha maelezo ya ziada, zikiwa hatari kwa maisha yake. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika sita. Angeweza kusema futa. Nani angejua? Lakini angejua Kiema, na tangu siku hiyo angekuwa Kiema aliyewahi kutia sahihi kitu kisicho cha kweli kwa ajili yake. Mbinya hakumtaka huyo. Alimtaka huyu aliyeketi hapa, na tai imempinda.

"Acha," alisema.

"Una hakika?"

"Kama hawataki mtu anapendwa, waseme. Tuma."

Kiema akabonyeza. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikasimama, kikazunguka tena, na hao wawili wakakitazama wakiwa wameshikana mikono bila hata mmoja wao kukumbuka nani alianza. Dakika tatu. Dakika mbili. Kisha ukurasa ukageuka kijani: *Barua yako imepokelewa. Maombi yamekamilika.*

Walipotoka nje mbuzi walikuwa wameshapandishwa. Mzee Mutuku alikuwa amewawekea nyasi kwa ajili ya safari, na Nzau, kwa kukosa la kufanya na kisu chake, alikuwa amezikata nyasi hizo vipande vipande. Kamanthe aliketi kwenye kigoda penye kivuli cha nyumba. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Nani angeondoka?

"Saa tisa na dakika moja," alisema Mzee Mutuku, ambaye hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja.

Kiema alikwenda akasimama mbele ya kigoda.

"Mama, namtaka," alisema. "Namtaka sana. Lakini leo sikuja na hiyo, nilikuja na barua ya yeye kuenda. Na hiyo barua niliandika mara nne." Akanyoosha tai yake. "Zile tatu za kwanza niliziandika vibaya. Hazikuwa na matusi. Ziliandikwa tu kawaida, baridi, mtu asome apite. Nilitaka asichukuliwe, abaki. Ndio maana nilichelewa."

Wiki tatu za kupiga pasi, kumbe zilikuwa hizi.

"Na hiyo ya nne?" Mbinya aliuliza.

"Ya nne niliandika vile uko." Sasa alikuwa anamtazama yeye, machoni kabisa, na macho yake yalikuwa na maji. "Watakuchukua, Mbinya. Hiyo barua hakuna mtu anaweza kuisoma akukatae."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Mbinya alitaka kusema kitu kizuri, kitu cha kukumbukwa, lakini simu ya Kiema ikalia, na ua wote ukasikia sauti ya nduguye ikiuliza mbuzi ziko wapi, wazee wamesimama barabarani na akina msichana wamefunga lango. Kiema akaomba radhi, akamwaga Mzee, akamwaga Mama, akapanda gari.

Mbinya alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akapanda pia.

"Unaenda wapi?" Kiema aliuliza.

"Kathiani. Nani atashika hizo mbuzi kwa kona?"

"Wazee watauliza wewe ni nani."

"Waambie vile ulisema kwa fomu."

Kiema akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekuwa amebeba mzigo wiki tatu. Akawasha gari. Hapo ndipo Kamanthe aliponyanyuka kutoka kwenye kigoda, akaingia ndani ya nyumba. Mbinya alimwona mgongo tu, na moyo ukamwuma. Alimwambia Kiema angoje kidogo, ingawa hakujua wanangoja nini.

Kamanthe alirudi na viatu. Vilikuwa vyake mwenyewe, vile vyeusi vya kanisani ambavyo hakuwahi kumwazima mtu, na alikuwa amevipangusa njiani kwa leso. Akavipitisha dirishani.

"Vaa. Huwezi kusimama mbele ya wazee wa watu na slipas za bafu," alisema. Kisha akamtazama Kiema kupitia juu ya bintiye. "Ni miaka mbili?"

"Ni mbili, Mama."

"Na utamngoja?"

"Nitamngoja."

Kamanthe aliitikia kwa kichwa. Mlango wa upande wa Mbinya ulikuwa haujafungwa vizuri. Akaufungua, akaufunga tena kwa mkono wake mwenyewe, akausukuma mara mbili kuhakikisha umeshika.